Simu ni yako, ruhusa ni ya nani? Maswali tunayoulizwa Goma kuhusu kuweka programu nje ya Play Store

Maswali haya tunayapokea mezani petu hapa Birere, kwa watu wanaoleta simu kutengenezwa, na mengine yanaingia usiku kwa WhatsApp. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa kuwa simu nyingi za hapa zimewekwa lugha hiyo.

## Mambo ya msingi

Apk ni nini hasa?

Ni faili linalobeba programu ya Android. Ukimtumia rafiki programu kwa Xender (programu ya kutumiana mafaili simu kwa simu), unamtumia apk. Play Store nayo ikikuwekea programu, kinachoshuka ni apk, ingawa siku hizi mara nyingi hushuka kwa vipande (tazama swali la "Application non installée", yaani programu haikuwekwa, huko chini).

Kila apk ina sahihi ya aliyeitengeneza. Si mwandiko, ni alama ya kihesabu inayotoka kwenye ufunguo wa siri. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya programu, sahihi ile inavunjika na simu inaikataa. Na programu ikishawekwa, simu haikubali sasisho lenye sahihi tofauti. Lishike jambo hili la sahihi, maana majibu mengi hapa chini yanalirudia.

Kuweka apk kutoka nje ya Play Store ni kosa?

Hapana. Android imeruhusu jambo hilo tangu mwanzo, na ni moja ya sababu zilizofanya watu wengi waichague. Kosa ni kuweka programu ya wizi, na hiyo ni kosa popote ilikotoka.

Kwa nini simu inaniomba ruhusa kila mara ninapofungua apk?

Zamani kulikuwa na kitufe kimoja tu, "Sources inconnues" (vyanzo visivyojulikana). Ukikiwasha, mlango umefunguliwa kwa wote. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017 ruhusa inatolewa kwa kila programu peke yake: unaweza kuiruhusu Xender na kuinyima WhatsApp, kupitia "Installer des applis inconnues". Android 13 ya mwaka 2022 iliongeza kufuli nyingine: programu iliyotoka nje haiwezi kutumia "Accessibilité" (ruhusa ya kusoma kioo na kukigusa kwa niaba yako) wala kusoma arifa zako mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio ukubali.

Sisi tunazipenda kufuli hizi. Zinakuchelewesha kidogo, zinakuuliza kama una hakika, lakini ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba. Usizizime zote kwa sababu kijana mmoja amekuambia zinasumbua.

## Kinachobadilika

Nimesikia Google itafunga apk. Ni kweli?

Haizifungi zote, lakini inaweka sharti ambalo halikuwepo. Tarehe 25 Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android ilizoziidhinisha zitakubali tu programu ambazo mtengenezaji wake amejiandikisha kwake kwa jina halisi. Sharti hilo linazigusa hata programu zisizopita Play Store kabisa. Kwa ratiba waliyoitoa, linaanza Septemba 2026 katika nchi nne: Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand. Nchi nyingine zinafuata kuanzia 2027.

Kongo haimo katika nne hizo. Ila simu zetu ni zile zile, Android ni ile ile, na hakuna aliyekuja Goma kutuuliza maoni.

Baada ya watu wengi kupiga kelele, Novemba 2025 Google ilisema itaacha njia maalum kwa watumiaji wazoefu, wanaokubali hatari, ili waweze kuweka programu za watu wasiojiandikisha. Tunashukuru kwa hilo. Hata hivyo njia iliyoachwa na kampuni inaweza kufanywa nyembamba na kampuni hiyo hiyo, na mama anayeuza dagaa si "mtumiaji mzoefu", ingawa simu ni yake kama ilivyo yangu.

Nitajuaje kama simu yangu ni ya hizo zilizoidhinishwa?

Fungua Play Store, gusa picha yako, kisha Paramètres, halafu À propos. Ukikuta "L'appareil est certifié" (simu imeidhinishwa), inahusika. Tecno, Itel, Infinix na Samsung za kawaida zinazouzwa hapa zikija na Play Store yake zimo. Simu zisizo na huduma za Google tumezieleza chini, kwenye swali la Huawei.

Google inasema inafanya hivi kuzuia wizi. Sababu hiyo ni ya kweli?

Wizi ni wa kweli, na atakayekuambia apk zote ni salama anakudanganya. Google inasema imekuta programu mbaya mara zaidi ya 50 kwenye apk zinazotoka mtandaoni kuliko ndani ya Play Store. Sisi tumeuona wizi huo kwa macho.

Mama mmoja anayeuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) huko Kituku alituletea Itel yake akisema "inajifungua yenyewe usiku". Kwenye kundi la familia la WhatsApp alikuwa amepokea apk iliyoitwa sasisho la huduma ya pesa kwa simu. Picha yake ilifanana na ile ya kweli, isipokuwa rangi nyekundu ilikuwa imeiva kidogo kupita kiasi. Tulipoingia "Accessibilité" tukakuta mstari mmoja umewashwa, hauna jina wala picha, ni nafasi tupu. Programu hiyo ilikuwa inasoma kioo chake chote, na meseji zake, na namba ya siri alipokuwa akiiandika. Mtaji wa wiki mbili ulikuwa umekwenda. Tangu benki za Goma zifunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa za watu wengi hapa zimekaa ndani ya simu, kwa hiyo anayeingia kwenye simu ameingia sandukuni. Alituuliza jambo moja tu: "Mwanangu, nani aliruhusu kitu hiki kiingie?" Jibu lilikuwa chungu, kwa sababu kioo kilikuwa kimemwonyesha onyo kwa Kifaransa, naye Kifaransa hasomi.

Sasa tupime dawa yenyewe. Google imelinganisha mpango wake na ukaguzi wa vitambulisho kwenye uwanja wa ndege: wanathibitisha msafiri ni nani, hiyo si sawa na kupekua begi lake. Sisi tunaopita Petite Barrière, mpakani na Rwanda, tunaelewa vizuri sana. Mtu mwenye karatasi safi anaweza kubeba chochote kikapuni, na mwizi mwenye dola 25 na kitambulisho cha kununua atajiandikisha. Play Store yenyewe, yenye ukaguzi wa muda mrefu, Januari 2020 ilieleza kwamba imeondoa programu 1,700 za familia moja ya virusi iitwayo Bread, wengine wanaiita Joker. Kilichokuwa kinamfaa mama wa Kituku ni onyo kwa Kiswahili, na mtu wa karibu wa kumuuliza kabla ya kugusa.

Kwa hiyo Xender itakufa?

Hapana. Ukimpa jirani apk ya programu ambayo mtengenezaji wake amejiandikisha, sahihi inabaki ile ile njiani, na simu ya jirani itaikubali. Kinachogongwa ni programu za watu wasiojiandikisha: za mwanafunzi, za kanisa, za shirika dogo la kijijini, za mtu aliyekufa au aliyeacha kazi hiyo zamani lakini programu yake bado inatumika.

Nimetengeneza programu yangu mwenyewe. Nitatakiwa kufanya nini?

Kujiandikisha kwa jina, anwani, simu, na kitambulisho cha serikali, na kulipa dola 25 mara moja. Shirika linadaiwa zaidi, ikiwemo namba ya D-U-N-S, ile ya kimataifa ya kutambulisha biashara. Kwa wanafunzi na wanaojifunza Google imeahidi akaunti isiyo na malipo wala kitambulisho, lakini programu zao zitaingia kwenye idadi ndogo tu ya simu.

Kwenye karatasi masharti haya ni mepesi. Hapa kwetu si mepesi. Kijana mmoja anayesoma informatiki mjini alitengeneza programu ya kuandika madeni ya duka, mega 4 tu, inafanya kazi bila mtandao. Aliiweka kwenye simu ya mama yake, majirani wakaitaka, leo ukipita Ndosho na Majengo utakuta wenye maduka wakiandika humo nani amechukua sukari na lini atalipa. Haikuwahi kuingia Play Store. Kijana hana kadi ya benki ya kulipia nje. Kitambulisho chake, kama wengi wetu, ni kadi ya mpiga kura ya CENI, tume ya uchaguzi. Njia ya wanafunzi ingemfaa mwezi wa kwanza, kisha programu ikipendwa kikomo kinamkuta. Anaadhibiwa kwa sababu kazi yake ni nzuri.

Kuna na jambo zito zaidi. Katika mji huu wapo watu ambao jina lao likiwa limeandikwa mahali linaweza kuwaletea hatari. Mtu anayetengeneza programu ya kuhifadhi ushahidi wa waliodhulumiwa hawezi kulazimishwa kuweka jina na anwani kwa kampuni ya mbali ndipo jirani yake aruhusiwe kuifungua.

F-Droid ni nini, na kwa nini wanasema itakufa?

Ni duka la programu huria, lililoanza mwaka 2010, lisilo na matangazo wala akaunti. Watu wake huchukua msimbo wa programu ulio wazi kwa wote, wanaujenga wenyewe, kisha programu nyingi wanazitia sahihi yao wao. Hapo ndipo tatizo lilipo. Sharti la Google linamtaka kila mtengenezaji adai jina la programu pamoja na ufunguo wa sahihi yake. F-Droid haiwezi kudai kwamba programu za watu wengine ni zake, wala haiwezi kuwalazimisha wenyewe wajiandikishe. Septemba 2025 walisema wazi kwamba sharti hili, kama lilivyotangazwa, litaumaliza mradi wao.

## Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Kwa nini tusitumie Play Store tu, tukamaliza maneno?

Swali hili huulizwa sana na ndugu walio Ulaya, na tunalijibu kwa subira.

Kwanza, mega. Programu ya mega 80 unayoipakua Brussels bila kufikiri, hapa ni mkate wa watoto. Ndiyo maana mmoja hupakua na kumi hupokea kwa Xender wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Watu wa nje wanaona hii ni njia ya wezi. Kwetu ni njia ya kawaida ya kupata programu, kama vile kuazimana jembe.

Pili, mtandao hukatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi 19 Januari 2019. Kwa siku hizo zote Play Store ilikuwa picha tu kwenye kioo. Programu kama Briar inatuma ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti, na inaweza kujituma yenyewe kutoka simu moja hadi nyingine bila duka lolote. Ina faida hiyo kwa sharti moja, kwamba simu inayopokea ikubali.

Tatu, duka moja lina mlango mmoja, na mwenye nguvu anajua pa kugonga. Oktoba 2019 Apple iliondoa HKmap.live, ramani iliyowaonyesha wakazi wa Hong Kong polisi walipo wakati wa maandamano. Julai 2024 iliondoa programu kadhaa za VPN (za kupita vizuizi vya mtandao) katika duka la Urusi kwa ombi la serikali ya huko. Oktoba 2025 iliondoa ICEBlock, iliyowaonyesha watu wa Marekani maafisa wa uhamiaji walipo, baada ya Wizara ya Sheria ya huko kutaka hivyo. Nchi tatu tofauti, serikali tatu zisizofanana, na njia ni ile ile. Mtu wa Android akiondolewa programu dukani bado anaweza kupewa apk na rafiki. Mtu wa iPhone hana pa kwenda. Mlango huo wa pili ndio tunaoutetea.

Hata pasipo siasa, duka hukosea. Organic Maps, ramani huria inayofanya kazi bila mtandao, Agosti 2024 ilitolewa Play Store kwa muda, kisha ikarudishwa. Waliokuwa na apk yake hawakupotea njia.

## iPhone

Na iPhone je? Mbona hatusikii watu wakilalamika?

Kwa sababu wamezoea. App Store ilifunguliwa Julai 2008 na tangu hapo ndiyo njia pekee ya kawaida ya kuingiza programu. Mwenye kompyuta anaweza kuweka programu yake mwenyewe kwa akaunti ya bure ya Apple, lakini inakufa baada ya siku 7 na inabidi airudie. Akaunti ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha mabadiliko kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali: tangu Machi 2024, kwa iOS 17.4, maduka mengine yanaruhusiwa huko. Kwa hiyo iPhone ile ile iliyonunuliwa Dubai ikaja Goma haipati kitu ambacho iPhone ya Paris inapata. Kinachozuia ni mstari kwenye ramani.

Ndugu yangu wa Ubelgiji ana duka lingine kwenye iPhone yake. Akija likizo Goma, litaendelea?

Programu alizonazo zitafunguka. Ila Apple iliweka muda wa siku 30: akikaa nje ya Umoja wa Ulaya zaidi ya hapo, hapati tena masasisho kutoka duka hilo. Azisasishe zote kabla ya kupanda ndege.

## Visa vya pekee

Nimepokea programu kwa Xender, simu inasema "Application non installée". Kwa nini?

Mara nyingi si Google iliyokataa. Tangu Agosti 2021 programu mpya za Play Store lazima zitengenezwe kwa mfumo wa vipande: simu yako inapewa vipande vinavyoifaa yenyewe tu. Mwenzako mwenye Samsung kubwa akikutumia kipande kimoja, au vipande vya simu yake, Itel yako ndogo haivielewi. Tafuta apk nzima kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

Sababu nyingine: nafasi imejaa, Android yako ni ya zamani, au tayari una programu hiyo hiyo yenye sahihi tofauti. Kwa sababu ya mwisho, hifadhi data yako kwanza, ndipo ufute ya zamani. Tumeona watu wakifuta WhatsApp haraka haraka na kupoteza picha za marehemu.

GB WhatsApp nayo itazuiwa?

Hatuitetei hiyo. Imetengenezwa na watu wasiojulikana kwa kuibadilisha WhatsApp, sahihi si ya WhatsApp, na ujumbe wako wote unapita mikononi mwa asiyekuahidi lolote. WhatsApp yenyewe hufungia akaunti za wanaoitumia. Haki ya kuweka programu unayotaka inakupa na haki ya kuweka mbaya. Sisi tukiulizwa tunasema iondoe.

Nina Huawei isiyo na Google. Sharti hili linanigusa?

Hapana, kwa kuwa si simu iliyoidhinishwa na Google. Tangu Marekani iiwekee Huawei vikwazo Mei 2019, simu zake mpya zinatumia AppGallery, duka la Huawei yenyewe. Nyingi kati ya zile ambazo bado zinatumia Android zinapokea apk. Lakini angalia hali yenyewe: serikali moja iliamua, na mamilioni ya watu wasiohusika wakakosa duka. Waliookoka ni wale walioweza kuweka apk kwa mkono.

Naweza kufuta mfumo wa kampuni nikaweka wangu, kama LineageOS (Android huria isiyo ya kampuni ya simu)?

Kwa baadhi ya simu, ndiyo, baada ya kufungua bootloader, sehemu inayoiwasha simu na kuamua mfumo gani uingie. Mlango huo nao unazidi kufungwa: Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Na ukifaulu, programu za benki zinaweza kukataa kufanya kazi, kwa sababu zinaiuliza Google kama simu haijaguswa. Usijaribu kwa simu uliyo nayo moja tu.

Nitajuaje kama apk ni safi?

Muulize aliyekutumia kwa sauti, si kwa maandishi, kwamba ni yeye kweli. Chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji au F-Droid. Programu ya tochi, ya nyimbo au ya Biblia ikiomba "Accessibilité" au meseji zako, ifute hapo hapo. Hakuna huduma ya pesa kwa simu inayotuma sasisho lake kwenye kundi la familia.

Sharti likifika hapa, kompyuta itasaidia?

Ndiyo. Google imesema njia ya adb, yaani kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, inabaki kama ilivyo. Ingia À propos du téléphone, gonga Numéro de build mara saba, kisha kwenye Options pour les développeurs washa Débogage USB. Unganisha simu na kompyuta na uandike adb install pamoja na jina la faili. Huna kompyuta, njoo mezani petu, ila uje na kebo inayopitisha data. Nyingi zinazouzwa kando ya barabara zinapitisha umeme tu, na tumeshapoteza asubuhi nzima tukidhani simu ndiyo mbovu.